Saa ya Majini: Isome Kabla ya Kulipa

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria kazi zetu zinakwenda na maji. Mvuvi wa dagaa wa Ukerewe hukesha ziwani na taa zake. Mwenye samaki wa kuuza anatakiwa afike mwaloni Kirumba wakati wanunuzi wangali wapo. Wote hao wanahitaji kujua saa. Simu ipo, lakini simu huogopa maji, tena chaji huisha. Kwa hiyo watu hununua saa ya mkononi. Mara nyingi, baada ya wiki chache kioo kinaingia ukungu kwa ndani na mishale inasimama. Fedha ya jasho imezama hivyo.

Leo tuelezane jinsi ya kuchagua saa ya otomatiki inayofaa majini, kwa bei ya mtu wa kawaida.

SAA YA OTOMATIKI NI NINI?

Ni saa isiyotumia betri. Wala hakuna haja ya kuitia ufunguo kila siku. Ndani mna kipande cha chuma chenye umbo la nusu duara. Ukitikisa mkono, chuma hicho kinazunguka na kukaza kamani, yaani springi ya saa. Kamani ikilegea polepole, inaendesha mishale. Anayevuta nyavu anaipa saa yake nguvu bila kujua. Ukiivua, nyingi huendelea siku moja na nusu hivi, kisha husimama. Hapo haijaharibika. Irekebishe, uivae tena.

Utaitambuaje dukani? Tazama mshale wa sekunde. Ukiruka mara moja tu kila sekunde, saa hiyo kwa kawaida ni ya betri. Mshale wa otomatiki huteleza kwa vihatua vidogo vidogo. Muuzaji akisema "otomatiki" na huku mshale unaruka, mrudishie saa yake.

SOMA MGONGO WA SAA

Geuza saa usome. Maneno WATER RESISTANT maana yake ni kwamba saa inahimili maji kwa kiasi. Kiasi gani? Tafuta namba. Mita 30 ni ya matone ya mvua na kunawa mikono. Mita 50 ni ya kuogelea kidogo. Mita 100 inafaa kuogelea bila wasiwasi. Wengi hudhani namba 30 ni ruhusa ya kuzama mita 30. Sivyo! Namba hiyo inaonyesha mgandamizo wa maji ambao saa mpya imeundwa kuuhimili ikiwa imetulia. Mkono wako hautulii, na saa yako haitabaki mpya.

Neno linalopita hayo ni DIVER'S, yaani ya mzamiaji, pamoja na namba 200. Kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 6425 inataka kila saa ya namna hiyo ipimwe kwa mgandamizo unaozidi ule ulioandikwa kwa robo nzima. Pia inataka saa isomeke gizani.

Je, utafute ya mita 500? Hapana. Ziwa letu lina kina cha mita 80 na kitu pale penye kina kirefu kabisa. Saa ya mita 200 inatosha. Usilipie bahari usiyoiendea.

KITUFE NA PETE

Tazama kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa. Kizuri ni kile kinachofungwa kwa kuzungushwa kama kizibo cha chupa. Kikiachwa wazi, maji yanaingia hata kama saa ni ya bei kubwa. Usikiguse ukiwa majini.

Pete inayozunguka kioo ni ya kuhesabia dakika. Injini ikiwaka, lenga alama ya pete kwenye mshale wa dakika. Baadaye utasoma dakika ulizosafiri, nawe ukadirie petroli iliyobaki. Pete ya saa ya mzamiaji huzunguka upande mmoja tu. Ikigongwa kwa bahati mbaya, itaonyesha kwamba muda mwingi zaidi umepita. Hivyo mzamiaji atatoka mapema, hatachelewa hewa ikamwishia.

JINA KUBWA AU JINA DOGO?

Seiko, Citizen na Orient za Japani zina sifa ya siku nyingi. Seiko ilitoa saa yake ya kwanza ya wazamiaji mwaka 1965. Vostok ya Urusi ilianza kutengeneza ile iitwayo Amphibia mwaka 1967, nayo ni ya mita 200. Lakini jina peke yake halitoshi. Seiko 5 Sports nyingi zilizotoka tangu mwaka 2019 zina sura ya saa ya mzamiaji, ila ni za mita 100 na kitufe chake hakifungwi kwa kuzungushwa.

Makampuni madogo nayo yapo. Mengi hununua mashine ya Seiko iitwayo NH35 na kuitia ndani ya saa zao. Uliza mashine ni ya nani. Mashine inayojulikana haimsumbui fundi.

Na saa ya betri? Ni ya bei nafuu, tena hushika majira vizuri zaidi. Otomatiki huweza kukosea sekunde kadhaa kwa siku, basi irekebishe kwa redio. Lakini betri ikiisha lazima saa ifunguliwe, na mpira wa ndani usipokaa sawa, maji yataingia. Otomatiki nayo mpira wake huzeeka, ila haifunguliwi mara kwa mara. Kila fundi anapoifungua, mwambie aukague mpira na kuubadilisha ukiwa umechakaa.

KABLA YA KULIPA

Jiulize maswali manne. Mgongoni pameandikwa mita ngapi? Kitufe kinafungwa kwa kuzungushwa? Mashine ni ya nani? Yupo fundi wa karibu anayeijua? Ukikosa majibu, rudisha fedha mfukoni. Kusoma tumejifunza, basi tusome na saa.