Tumbo Likikazwa kwa Kisu

Mama wa watoto watatu amekandwa maji ya moto, amefungwa kanga, amenunua na mkanda wa kubana, na bado ngozi ya tumbo inaning'inia. Kosa si lake. Ngozi iliyovutika kupita kiasi hairudi, na misuli miwili ya katikati ya tumbo ikiachana sana wakati wa ujauzito, kuna wanawake ambao kwao haikutani tena. Hapo upasuaji wa kukaza tumbo una kazi: daktari hukata kutoka nyonga hadi nyonga, huinua ngozi, hushona misuli ikutane, huondoa ngozi iliyozidi, kisha hukipatia kitovu tundu jipya. Kovu ni la maisha, ingawa chupi hulificha.

Wenye kitambi kigumu, wengi wao wanaume, wasijidanganye. Mafuta yao yako ndani, nyuma ya misuli, na kisu hiki hakiyafikii.

Anayetaka kuzaa tena ni heri asubiri, maana mimba itavuta upya kilichoshonwa. Mvuta sigara huambiwa aache angalau wiki nne kabla: nikotini hubana mishipa midogo, na ngozi iliyokosa damu hufa. Uzito nao uwe umeshatulia.

Hatari ya kuogopwa zaidi ni damu kuganda miguuni na bonge kupanda mapafuni. Ndiyo maana muuguzi humwinua mgonjwa mapema atembee, hata kama amepinda mgongo kwa maumivu. Mgonjwa hurudi nyumbani na mkanda, pengine na mirija ya kutoa majimaji, na kwa takriban wiki sita habebi kitu kizito. Je, mtoto atabebwa na nani?

Halafu kuna bei nafuu za ughaibuni. CDC, taasisi ya afya ya Marekani, ilihesabu Wamarekani 93 waliofariki baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika kati ya 2009 na 2022. Kati ya waliochunguzwa, wengi waliuawa na mafuta au damu iliyoganda kuziba mishipa, na wengi walikuwa wamefanyiwa upasuaji zaidi ya mmoja kwa mkupuo.

Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha jina la daktari limo kwenye sajili ya KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno nchini Kenya, au ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwamba ni bingwa wa upasuaji wa plastiki. Kisha muulize nani atatoa nusu kaputi, na chumba cha wagonjwa mahututi kiko wapi.