Nyanya Zikishuka Bei, Pika Sosi ya Wiki Nzima

Fungua orodha ya malipo kwenye simu yako, uangalie umemlipa mama mboga mara ngapi wiki hii. Ishirini hapa, thelathini pale, na mara nyingi ni nyanya. Tuseme ni shilingi 30 kila jioni: kwa siku 30 hiyo ni 900, na bado hatujahesabu zile siku bei imeruka.

Na bei ya nyanya huruka kweli. Mashamba ya Mwea na Loitokitok yakivuna wakati mmoja, soko hujaa na bei hushuka. Mvua ikizidi, nyanya huoza shambani, barabara huwa matope, na unauziwa tatu ndogo kwa bei ya tano kubwa. Kwa hivyo nunua nyingi zikiwa rahisi, hasa zile zimeiva sana ambazo muuzaji anataka ziishe leo, uzipike sosi.

Anza na kilo 2. Zile ndefu nene kama Cal J au Rio Grande ni nzuri kwa sababu zina nyama nyingi. Laini si shida, lakini yenye ukungu tupa yote, usikate tu pale palipoharibika. Kata kila moja katikati, ikwaruze kwa ile greta ya karoti. Ganda litabaki mkononi, hakuna haja ya blenda.

Kaanga vitunguu 2 kwa vijiko 3 vya mafuta hadi vilainike, weka saumu punje 4, kisha nyanya na kijiko kidogo cha chumvi. Tumia sufuria pana na usiifunike, ndio maji yatoke. Moto mdogo, dakika 40 hivi, ukikoroga. Ukipitisha mwiko na sehemu ya chini ya sufuria ikaonekana kidogo kabla sosi haijarudi, imeiva. Ikiwa kali sana, karoti moja iliyokwaruzwa inashinda sukari (hayo ni maoni yangu, lakini jaribu).

Utapata karibu lita moja. Ikipoa, igawe kwa vyombo vidogo vya mlo mmoja mmoja. Kwa friji maliza ndani ya siku 4; kwa friza inakaa miezi 3. Huna friji? Pika ya leo tu. Usiifunge kwa chupa uiweke kabatini, kwa sababu bakteria wenye sumu wanaweza kukua humo bila harufu kubadilika.

Sasa pesa. Kreti nzima huwa nafuu kwa kilo, ila ni nyingi kwa nyumba moja, ndiyo maana majirani huchanga. Kila mtu atume pesa yake kabla ya safari ya soko, si baada. Deni dogo la nyanya huleta maneno makubwa kwa ploti. Anayenunua aweke ujumbe wa malipo kwa grupu, lakini afiche salio lake kwanza.

Sokoni, iwe ni Wakulima Nairobi ama Kongowea Mombasa, mwombe muuzaji amwage kreti uone, maana nzuri hupangwa juu. Ndipo ulipe kwa till yake. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Kama si lile alilokutajia, simamisha malipo umuulize.

Halafu kuna yule wa mtandaoni anayeuza kreti nusu bei, picha safi kabisa, na anataka umtumie ya gari kwanza. Mwambie utalipa mzigo ukifika na uukague. Akikataa, mwache aende. Ukishamtumia naye akatoa hiyo pesa, kuirudisha ni vigumu sana, hata ukitupigia dakika hiyo hiyo.