JE, WAJUA? Mvua za Vuli na Ndege za Dar

• Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, na utabiri wake hutolewa mapema na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Muuza vipuri wa Gerezani huutumia kukinga mzigo wake, na rubani huusoma pamoja na taarifa za kila siku za uwanjani.

• Bahari ina ushawishi mkubwa kwa vuli. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakiwa na joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, vuli huwa nzito. Ndivyo ilivyokuwa 1997 na 2023, miaka ambayo El Niño nayo ilikuwapo.

• Njia kuu ya kurukia ya Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere ina urefu wa mita 3,000. Urefu huo una kazi: joto hufanya hewa kuwa nyepesi, mabawa yakapungukiwa nguvu ya kunyanyua, hivyo ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kupaa.

• Wingu la radi laweza kupanda zaidi ya mita 12,000. Ndani yake upepo hupanda na kushuka kwa nguvu, ndiyo maana marubani hulizunguka.

• Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43, 19 walifariki.

Safari ikiahirishwa kwa sababu ya mvua, vumilia: uamuzi huo unalinda maisha yako.