Je, Wajua? Daraja ya Harakati Hupimwa kwa Siku Nzima
Mwenye kuhesabu kalori aghalabu hukosea katika kukadiria harakati zake, kwani nafsi hupenda kukumbuka nusu saa ya matembezi ya alasiri na kusahau saa nane za kukalia kiti. Mabingwa wa lishe waliokutana Rome mwaka 2001 kwa wito wa FAO na WHO waliiweka kazi nyepesi baina ya 1.40 na 1.69, ya wastani hadi 1.99, na ya sulubu hadi 2.40, idadi zizidishwazo kwa kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umetulia. Basi karani ambaye mwili wake, katika utulivu huo, hutumia kalori 1,500, akijitia katika 1.7 ilhali stahili yake ni 1.4, hujihalalishia kalori 450 za ziada kila siku. Yampasa aanzie daraja ya chini, na asiibadili mpaka mizani imshuhudie kwa majuma kadhaa.