Kijisanduku cha Nguvu Kilichokwisha Tumika

Pikapu zinazobeba dagaa na mawese Kigoma na Ujiji zina taabu ile ile ya zetu za karafuu: mzigo na kilima. Ndipo mtu hushawishika kununua kijisanduku kilichotumika, cha kuongeza nguvu ya injini ya dizeli. Chenyewe huidanganya kompyuta ya gari kuwa presha ya mafuta i chini, nayo huzidisha. Nguvu huja kweli, na joto pia. Klachi nayo huumia.

Hilux yenye injini ya 3L haina kompyuta ya kudanganywa, basi mwenye nayo asitoe hata senti. Mwenye 2KD atake kilichotengenezwa kwa injini hiyo hiyo. Muuzaji akifunge kwanza, gari lipande kilima na mzigo wake, ndipo alipwe. Na anayenunua pikapu kuukuu aulize kama kimo ndani.