Mto Jirani Yetu: Tunaishije Bondeni?

Wengi wetu hatukuchagua kuishi kando ya mto. Tuliolewa, tukaletwa. Tulikuta nyumba imesimama, mwembe umekomaa uani, na mama mkwe ameketi barazani akipepeta mchele. Umeme ulikuwepo, shule ilikuwa karibu, na sokoni Kariakoo tulikwenda kwa miguu tukarudi kabla jua halijawa kali. Tukazaa hapo, tukalea hapo, na leo wajukuu wanacheza chini ya mwembe uleule.

Mwezi huu tunataka tuzungumze habari za mitaa hii ya zamani iliyoshikana na Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam: Magomeni, Jangwani, Kigogo, Ilala, Hananasif, na ile iliyo kandokando ya Mto Ng'ombe na Mto Sinza. Tunazungumza kama wakazi, kama wake na mama, na kama wauguzi ambao kila masika huwapokea majirani zetu wenyewe zahanati wakiwa wamebeba watoto walioishiwa maji mwilini.

Mtaa wenye heshima yake

Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, ukakatiza jiji zima hadi unapoingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Wenyeji wa jiji wameuzoea hata katika majina. Mashabiki wa Simba hujiita Wekundu wa Msimbazi, na wale wa Yanga huitwa watoto wa Jangwani. Waume zetu hubishana usiku kucha kuhusu timu hizo, ilhali bonde lenyewe liko nyuma ya nyumba na hakuna anayelitazama.

Na mitaa yetu si ya jana. Magomeni ilipimwa viwanja katika miaka ya 1950, na Mwalimu Nyerere alikuwa na nyumba hapo, ambayo leo ni makumbusho. Tunasema haya kwa sababu mtu wa mbali akisikia "watu wa bondeni" hudhani ni wavamizi waliojenga usiku. Wapo waliojenga penye mkondo, kweli. Lakini wapo pia wenye nyumba za urithi zilizokuwa mbali na maji, na maji ndiyo yamewafuata. Jiji limekua, ardhi imefunikwa kwa saruji na lami, mvua haina pa kuzama, yote hukimbilia mtoni. Wachimba mchanga wamekula kingo. Taka zimejaza mkondo. Mto ukikosa njia yake, huipita yetu.

Maji yanapopanda

Walioishi hapa wanazikumbuka mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998. Lakini hakuna asiyekumbuka Desemba 2011, siku chache kabla ya Krismasi, mvua iliponyesha mfululizo na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha jijini. Watu walipanda juu ya mapaa. Mwaka 2012 familia nyingi zilipewa viwanja Mabwepande. Desemba 2015 matingatinga yaliingia bondeni kubomoa. Kisha ukaja mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, na baada ya hapo nyumba nyingi zikafanyiwa tathmini, wenyewe wakalipwa fidia na kuondoka.

Sisi tuliobaki kwenye mitaa ya pembeni tuna mazoea mabaya. Maji yakipanda tunainua magodoro juu ya meza, yakishuka tunafagia matope, tunaanika makochi, tunasema "yamepita." Tunajenga kizingiti mlangoni, mwaka unaofuata tunakiongeza tofali moja. Ndugu zangu, tofali haliwezi kushindana na mto. Tahadhari ianze mapema, kabla ya masika na kabla ya vuli. Mambo haya yanawezekana kwa kila nyumba:

Hati au leseni ya makazi, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na vyeti vya shule vifungwe pamoja ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji, vikae mahali pamoja ambapo hata mtoto mkubwa anapajua.

Dawa za kila siku, za presha, za kisukari au za kufubaza virusi, zikae katika mfuko huohuo. Wodini tumewapokea wagonjwa waliokosa dawa wiki nzima kwa sababu zilichukuliwa na maji, wakaona haya kurudi kliniki kueleza.

Mwenye mimba iliyokaribia miezi tisa asisubiri. Aende mapema kwa dada au shangazi aliyeko mwinuko. Uchungu hauchagui usiku wa mvua.

Maji yakianza kuingia, zima swichi kubwa ya umeme kabla hujashika kitu kingine. Watoto na wazee watolewe kwanza. Televisheni haina roho. Na tusiwaruhusu watoto kuvuka maji yanayokwenda kasi. Yakifika magotini tu humwangusha mtu mzima. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114; iandikeni ukutani.

Maradhi yanayobaki nyuma

Maji yakishuka, watu hupumua. Kwetu wauguzi ndipo kazi huanza.

Tusifichane, akina mama. Mvua kubwa inaponyesha, wako wanaotapisha vyoo. Hufungulia shimo, uchafu ukachukuliwa na maji, nao wakaona wameokoa fedha ya gari la kunyonya. Uchafu ule hauendi baharini moja kwa moja. Huingia kisimani kwa jirani, kwenye bomba lililopasuka, na kwenye vidole vya mtoto anayecheza matopeni. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilituonyesha jinsi jambo la uani kwa mtu mmoja linavyokuwa la mtaa mzima. Anayetapisha choo amewagawia majirani maradhi bila kugonga mlango.

Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, au yatiwe vidonge vya kutibu maji kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi chumvi ya pakiti, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama. Ukikosa pakiti, chukua lita moja ya maji salama, sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya usawa bila kufurika. Koroga, mpe kidogo kidogo kwa kikombe, na usimwachishe kunyonya. Zahanati watampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Vimalize hata kama kuharisha kumekoma. Ukiona choo ni kama maji yaliyooshewa mchele, macho yameingia ndani, au mtoto amelegea hawezi kunywa, usingoje kupambazuke.

Mbu nao wana zamu. Mbu wa malaria huuma usiku, hivyo chandarua ni cha lazima. Lakini mbu wa homa ya dengi, iliyosumbua jiji mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana, na hutaga katika maji safi yaliyotuama: ndoo isiyofunikwa, tairi, kifuu, sahani chini ya chungu cha maua. Mwenye homa apimwe. Kabla hajajulikana anaumwa nini, apewe panado, asipewe aspirini wala diklofenaki wala ibuprofeni, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuongeza kutoka damu kwa mwenye dengi.

Wanaosafisha matope wavae viatu vya mpira. Mkojo wa panya ulio kwenye maji na matope huleta homa ya mgunda, ile iliyotushtua mwaka 2022 ilipoibuka mkoani Lindi. Inatibika ikiwahiwa, hivyo mwambie mganga kwamba ulikuwa unafagia maji ya mafuriko.

Mchicha wa bondeni

Hapa tutawaudhi wengine, maana mchicha na matembele ya bondeni yamesomesha watoto wa wajane wengi. Hata hivyo ukweli usemwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 juu ya mboga zilizolimwa kando ya Mto Sinza na Mto Msimbazi ulikuta ndani yake madini mazito, risasi ikiwa mojawapo. Mito hii hupokea maji ya viwandani, ya gereji na ya vyooni. Kuosha vizuri na kupika kunaua vijidudu. Risasi haiivi wala haifi. Nayo huumiza zaidi ubongo wa mtoto mdogo na wa yule aliye tumboni.

Muulize muuza mboga zimelimwa wapi. Mwenye nafasi apande mchicha kwenye magunia uani, kwa udongo wa kwingine na maji ya bomba. Magunia manne hulisha nyumba ya kawaida mara kadhaa kwa wiki. Na anayelima bondeni kwa ajili ya kuuza tusimlaani. Tumsaidie katika vikundi vyetu apate mtaji wa shughuli nyingine.

Kukaa au kuhama?

Swali hili limezua ugomvi katika ndoa nyingi. Jirani yetu mmoja alimwambia mumewe, "Baba watoto, masika haya mimi na wanao hatulali hapa." Mume akajibu, "Hapa kitovu changu kimezikwa. Nikahame niseme baba yangu alijenga bure?" Wakanuniana miezi. Wote wawili walikuwa na hoja. Mke alikuwa anahesabu vichwa vya watoto usiku wa mvua. Mume alikuwa anahesabu makaburi, jina la baba yake, na kodi ya vyumba viwili vya uani inayolipa ada za shule.

Kuhama nako kuna gharama yake. Wapo waliopewa viwanja Mabwepande wakarudi mjini, kwa sababu mama aliyekuwa akiuza vitumbua Kariakoo alijikuta nauli imekula faida yote. Anayehama asiulize bei ya kiwanja tu. Aulize maji yako wapi, zahanati iko umbali gani, mtoto atafika shule kwa usafiri gani, na yeye mwenyewe atauza nini na kwa nani.

Jirani yetu na mumewe waliitisha kikao cha wazee. Baba mdogo mmoja akasema neno lililomlegeza mume: aliyejenga nyumba aliijenga ili watoto wapone na mvua, ikiwa inawaua, tumwenzi kwa kuihama. Walianza taratibu. Kwa fedha za kodi walinunua kiwanja kidogo Chanika, wakajenga vyumba viwili, na sasa kila masika mama na watoto huenda huko. Baba hubaki kulinda nyumba ya urithi, lakini naye amekubali kuondoka mara mamlaka ya hali ya hewa inapotoa onyo.

Fidia ni ya nyumba nzima

Neno la mwisho ni la fedha. Nyumba za bondeni zinapolipwa, jina lililo kwenye fomu mara nyingi ni la baba. Tumewaona akina mama walioamka wakakuta nyumba imekwisha kubomolewa, fedha imeingia benki, na hakuna anayewaeleza iko wapi. Mmoja alikuwa ameishi humo miaka 22, na amefinyanga nusu ya tofali zake kwa mikono yake.

Jueni haki yenu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kuweka rehani, kupangisha wala kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwenye wasiwasi anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Naye anayetaka kujenga ajue kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Asiuziwe kiwanja cha bei nafuu kiangazi akaja kukitafuta masika.

Mambo haya hayahitaji ugomvi. Mthamini akija, mama awepo, aone kilichoandikwa, asaini palipo na nafasi yake. Akaunti ifunguliwe kwa majina mawili. Ikiwa mume ni mgumu, mtumieni mshenga, mchungaji au mjumbe wa mtaa mapema, kabla fedha haijafika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi wiki hii, kabla mawingu hayajajikusanya, chagueni jioni moja watoto wakiwa wamelala. Mketi na baba mjibizane maswali matatu: Maji yakija usiku tutapita njia gani? Watoto watalala kwa nani? Na karatasi za nyumba ziko wapi? Mkishayajibu hayo matatu, vukeni mwende kwa jirani mwenye watoto wadogo au bibi anayeishi peke yake, mmwulize naye.