Rejeta chafu huponza injini mlimani

MADEREVA wanaotoka Mbeya kwenda Tunduma hulazimika kuupanda mlima Senjele, mkoani Songwe. Hapo ndipo injini isiyopozwa vizuri huumbuka.

Dawa ya rejeta, maarufu kama kulanti, huzuia kutu na kuchelewesha maji kuchemka. Nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita, na anayejazia maji ya mtoni huipunguza zaidi na kuacha ukoko katika njia za maji.

Kabla ya kuibadilisha, injini iachwe ipoe kabisa, kwani kifuniko cha rejeta kikifunguliwa ikiwa ya moto, mvuke huunguza vibaya. Kisha koki ya chini ifunguliwe na kulanti ikingwe katika chombo. Rejeta ijazwe maji safi, injini iwashwe hadi ipate moto, izimwe, ipoe na maji yatolewe. Kazi hiyo irudiwe hadi yatoke safi, ndipo ijazwe kulanti iliyoelekezwa na mtengenezaji wa gari.

Kulanti ya zamani isimwagwe ovyo. Nyingi zina ethilini glikoli, yenye ladha tamu, lakini ni sumu inayoweza kumuua mtoto au mbwa.